Madume Saba ya Tovuti Yetu

Mimi ng'ombe nilikuwa namjua akiwa ndani ya sufuria, nisiwadanganye. Ukoo wetu ni wa mjini. Mababu zetu walikuja Dodoma wakifuata misafara ya biashara, wakafungua maduka, wakajenga msikiti, na tangu hapo hakuna wa kwetu aliyeshika kamba ya mnyama isipokuwa siku ya Idi, tena kwa kuogopa. Kwa hiyo mtu akiniuliza ilikuwaje mimi, mchapaji wa steshenari ya Nkuhungu, nikawa msimamizi wa tovuti ya mifugo adimu, huwa nacheka kwanza. Halafu namwambia avute kiti.

Chanzo ni mzee mmoja, bwana mifugo mstaafu, aliyeingia dukani kwangu na mfuko wa salfeti umejaa madaftari. Alitaka yachapwe. Miaka yote ya kazi yake, kila alipokwenda kuchanja au kuogesha mifugo, alikuwa anaandika habari za wanyama aliowakuta: kuku kishingo wa kijiji fulani, kondoo mwenye mkia mnene kama mto wa kulalia, mbuzi wafupi wanaopanda juu ya paa la tembe na kukataa kushuka. Nikaanza kuchapa huku nawaza mambo yangu. Nilipofika kwenye mbuzi nilikuwa siwazi tena mambo yangu. Mwalimu mmoja alikuja kuchukua mtihani wake akakuta sijagusa hata swali la kwanza, nikamwambia, "Mwalimu, hebu sikia hii ya mbuzi," na mwalimu naye akasimama akasikiliza.

Wa tatu katika wazimu huu ni fundi wa kuchomelea kutoka Kizota. Huyo alikuja kutoa kopi ya kitambulisho tu. Akasoma kwenye skrini yangu kupitia begani, tabia ambayo siipendi, akasema, "Dada, hivi vitu ni vya kuwekwa kwenye tovuti."

"Na hiyo tovuti atatengeneza nani?"

"Mimi."

"Wewe si unachomelea mageti?"

"Geti na tovuti ni kitu kimoja," akasema bila kucheka. "Vyote ni pa kuingilia."

Na kweli akaitengeneza! Alijifunza kwa video za kwenye simu, akiwa amekaa karakana kwake, miwani ya kuchomelea ameipandisha utosini. Hakuna aliyemlipa mwenzake hata soda. Bwana Mifugo alileta maarifa, Fundi alileta ufundi, mimi nikaleta kompyuta, intaneti ya duka na kiherehere changu, na kiherehere nilichonacho kinatosha watu watatu.

Picha tulikuwa tunatumiwa. Bwana Mifugo alikuwa na wafugaji aliowazoea vijijini, na hao walikuwa na watu waliowazoea, basi kila wiki simu yangu ilikuwa inalia: kuku, punda, kondoo, picha nyingine zimepigwa mbali mpaka mnyama ni doa. Mimi nazikata, nazing'arisha, napandisha. Tatizo lilikuwa kisanduku cha picha. Fundi alikitengeneza cha mraba, na kitu akishakichomelea Fundi kimechomelewa. Ng'ombe si mraba. Ng'ombe ni mrefu. Ukimwingiza kwenye mraba lazima umkate mahali, ama mbele ama nyuma. Tukamuuliza Bwana Mifugo tukate wapi. Akafikiri, akasema nundu lazima ionekane, na mgongo, kiuno, miguu na mkia. "Kichwa kiondoke. Kichwa cha ng'ombe hakina habari."

Jamani, mimi ni mpiga picha za pasipoti. Maisha yangu yote nakata viwiliwili nabakiza vichwa. Siku ya kwanza kumkata ng'ombe kichwa kwa kipanya mkono uliniuma. Siku ya pili nikazoea.

Fahari yetu ilikuwa ukurasa wa "wale wa zamani". Hao ni ng'ombe wadogo, wafupi wa miguu, wenye nundu iliyolala kidogo upande, ambao watu wa vijijini hawana jina lao lingine zaidi ya hilo: wale wa zamani. Wanavumilia kiangazi kama hakiwahusu. Lakini watu wamepandisha madume makubwa ya kisasa, ndama wakazidi kuwa wakubwa, na wale wafupi wakawa wanaisha kimya kimya. Bwana Mifugo alikuja kwetu akiamini madume yao yamekwisha kabisa.

Halafu ikaja picha ya dume la kwanza. Mzee wa watu alisimama, akakaa, akasimama tena. Baada ya miezi ikaja ya dume la pili, kijiji kingine, mfugaji mwingine. La tatu. Lilipokuja la nne nilipika pilau, nikawapelekea karakana Kizota, tukala katikati ya vyuma. La tano, la sita. La saba lilipofika Bwana Mifugo alipiga kigelegele, mwanamume mzima na mvi zake, dukani kwangu, mbele ya wateja wawili waliokuja kutengeneza vyeti. Nikaandika kwa herufi kubwa ukurasa wa mbele: MADUME YALIYOBAKI: SABA. Kila nikipita mtaani nilikuwa naona kama watu wote wanajua.

Na Bwana Mifugo, kwa kuwa ni mtu wa kazi, akaanza kuyapa maksi. Anaiangalia picha, anasogeza miwani, anatamka, mimi nachapa. Dume namba tatu: "Bora kuliko yote. Mwenye kutaka mbegu atafute hili." Namba tano: "Zuri, mgongo umenyooka." Namba saba, ambalo lilipigwa picha kiangazi kikali, mbavu zinahesabika: "Dhaifu. Halifai kwa mbegu." Nikachapa vilevile kama alivyosema, nukta, nikapandisha. Sikujiuliza wa namba saba atajisikiaje. Ni ng'ombe bwana, nani anamsomea ng'ombe?

Kilichotuumbua ni maoni ya mgeni mmoja wa tovuti. Aliandika mstari mmoja tu: "Mbona ng'ombe wenu wote hawana vichwa?" Nilipandwa na hasira! Nilitaka kumjibu kwamba yeye ndiye hana. Lakini baada ya yeye wakaja wengine, wanacheka, wanauliza kama hii ni tovuti ya mifugo au ya bucha. Ikabidi Fundi akubali yaishe. Akavirefusha visanduku, na Jumamosi moja asubuhi nikakaa kuzitafuta picha zote za mwanzo, zile nzima, nizikate upya pamoja na vichwa. Bwana Mifugo alikuwa pembeni yangu anatafuna karanga. Fundi alikuwa amepitia na guta lake, lile pikipiki la matairi matatu, limejaa madirisha ya chuma ya mteja wa Ipagala.

Nikayafungua madume saba, nikayapanga kwenye skrini moja.

Pembe ya kulia ya dume la kwanza ilikuwa imepinda chini, inaelekea jichoni. Nikasema, masikini. Ya dume la pili ilikuwa imepinda chini, inaelekea jichoni. Nikaangalia la tatu. Nikaangalia la nne. Sikio la kushoto limekatwa kipande pembeni, kama tiketi iliyotobolewa: la kwanza, la tatu, la tano, na hata hilo la saba lenye mbavu nje.

"Bwana Mifugo," nikasema, "hawa watakuwa ndugu."

Aliacha kutafuna. "Ndugu gani," akasema polepole, "wamepinda wote pembe moja?"

Lilikuwa dume moja. Dume moja! Ubavu wa kushoto ni jekundu tupu, ubavu wa kulia ni jeupe lenye madoa, kwa hiyo aliyelipiga huku na aliyelipiga kule walikuwa na ng'ombe wawili tofauti. Masika limenona, kiangazi limekonda, hao tayari ni wanne. Limeingia kwenye tope, limetoka kwenye tope. Na kila kilichoweza kutuambia ni lilelile, pembe na sikio, nilikuwa nimekikata kwa mkono wangu mwenyewe nikakitupa.

"Lakini wote niliowauliza walisema ni lao!" nikapiga kelele. "Niliwauliza mmoja mmoja. Dume la nani? Langu. Dume la nani? Langu!"

Hapo ndipo Fundi, ambaye ni Mgogo wa kuzaliwa na kukulia humu humu, alipoinua kichwa kutoka kwenye simu yake. "Sasa ulitaka waseme nini?"

"Waseme ni la nani!"

"Ala! Nyie watu wa mjini bwana." Akatuangalia kwa huruma. "Kwetu mtu hakai na ng'ombe wake wote nyumbani. Anamwekesha rafiki huyu, anamwekesha na yule, ukija ugonjwa usizoe wote. Na ukiwekeshwa ng'ombe, ukiulizwa na mgeni, unasema wangu. Ukisema ni wa fulani umemwanika mwenzio, watu wajue ana nini na kakiweka wapi. Hiyo ni tabia mbaya sana. Hapo mwenye dume kampa mmoja, na yule kampa mwenzake lipande majike yake, na mwenzake kampa mwingine. Linazunguka."

"Na wewe hukutuambia!"

"Hamkuniuliza. Mimi natengeneza tovuti."

Nilitaka kulia, nikacheka, na nikianza kucheka sijui kusimama. Tulikuwa tumelipatia dume moja maksi saba tofauti! Ni bora kuliko lenyewe! Ni dhaifu kuliko lenyewe! Fundi alivunjika mbavu mpaka akakaa chini sakafuni. Bwana Mifugo peke yake hakucheka. Miaka yote alihesabu dume moja kwa kila zizi, na yeye si mtu wa huku, alikuja na barua ya ajira tu. Hakuwahi kujua kwamba zizi linaweza kukudanganya kwa adabu.

"Acheni kucheka," akasema. "Majike yapo, machache, lakini yapo. Dume ndiyo hilo tu. Likiondoka hilo hakuna ndama mwingine wa zamani atakayezaliwa. Kwisha. Pigeni simu, mjue liko wapi."

Nikaanza kupiga. Wa kwanza nilimwambia, kwa kumtega, kwamba nimesikia dume lake linapelekwa mnadani. "Haiwezekani," akasema, "lipo hapa linakula." Wa pili, lipo hapa linakula. Wa tatu nikamwambia, basi kaka, nisogezee simu nilisikie. Halafu nikasikia mtu mzima, baba wa watoto wake, analia "mbooo" kwenye simu, tena mara mbili, ya pili kwa bidii zaidi. Nilikata nikaegemea meza, machozi yananitoka.

Wa nne, wa tano na wa sita nao, lipo hapa linakula. Namba ya saba, ile ya dume dhaifu, ilikuwa ya mama mmoja mjane. Yeye picha yake ililetwa na jirani. Alipokea haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, mimi ni wa ile tovuti ya ng'ombe. Lile dume lako lipo?"

"Ah, lile nimeshalitoa. Wameliswaga tangu alfajiri, mimi mwenyewe naingia mnadani sasa hivi."

"Mama usiliuze!"

"Si mnayo mengine sita?" akasema, na mtandao ukakatika.

Si mnayo mengine sita. Yale maandishi yangu makubwa ya ukurasa wa mbele, niliyokuwa natembea nayo mtaani kama taji, ndiyo yaliyolifungulia zizi. Mnada wa Jumamosi upande ule ni mmoja tu, tena hauna mchezo: ikipita saa nane wachuuzi wameshapakia kwenye malori, na ng'ombe akishapanda lori jioni yake inajulikana: bucha.

"Twendeni," nikasema.

"Na madirisha?" akauliza Fundi.

"Yatakwenda kuona mnada!"

Hatukushusha hata moja. Bwana Mifugo akakaa mbele, amejibana nyuma ya Fundi, kofia ameing'ata mdomoni isipeperuke. Mimi nikapanda nyuma, nikajipenyeza katikati ya madirisha, nikashika nondo kwa mikono miwili kama mfungwa. Tulipotoka kwenye lami vyuma vikaanza kulia kwa pamoja. Kila kijiji tulichopita watu walitoka nje kuangalia. Mimi napiga kelele, "Kaza, Fundi!" na Fundi anajibu kitu nisichokisikia, na mteja wa Ipagala anapiga simu ya Fundi, aliyoniachia mimi, na mimi naipokea namwambia, "Kaka, madirisha yako yako safarini," na nakata. Nilikuwa na hofu, ndiyo. Lakini nikisema sikuwa na furaha nitakuwa muongo. Ni lini tena mchapaji wa vyeti atafukuzia ng'ombe?

Mnadani vumbi lilikuwa limesimama. Ng'ombe mamia, fimbo, miluzi, moshi wa nyama choma. Nilijua sitaliona. Mimi ng'ombe wote nawaona ni mmoja, na safari hii kasoro hiyo haikuwa ya kuchekesha. Ni Fundi aliyeliona, kwa pembe. Lilikuwa limesimama pembeni mwa boma la kupakilia, dogo katikati ya yale makubwa. Mchuuzi mmoja mnene alikuwa ameshaishika kamba, na kijana wake anatikisa kopo la rangi alitie alama. Yule mama mjane alikuwa mbele yake. Kanga mbili, fimbo, uso umekaza. Na alikuwa anagombana na watu wanne.

Nilimtambua mmoja kwa sauti. Ni yule wa "mbooo".

Kumbe zile simu zangu! Kila mmoja niliyemwambia dume lake linapelekwa mnadani alinijibu lipo hapa linakula, akaweka simu mfukoni, akakimbia. Huyo wa "mbooo" alikuja kwa baiskeli, suruali imekunjwa, mnyororo umetoka. Wanne kati ya sita, na wote wanne kila mmoja alikuwa na majike yanayosubiri zamu, na wote wanne wanasema kitu kimoja kwa sauti ya juu.

"Dume langu hilo!"

"Langu!"

"Nani kaleta dume langu mnadani?"

Mchuuzi akamgeukia mama. "Wewe si umesema ni lako?"

"Ni langu," mama akasema.

"Na huyu?"

"Ni langu," akasema wa baiskeli.

Mchuuzi akatazama nyuso zote tano, kisha akatutazama sisi tuliokuwa tunakuja mbio, mwanamke mwenye mtandio umejaa kutu, mzee ameng'ata kofia, na mtu mwenye miwani ya kuchomelea utosini. Akaiachia kamba kama imeungua. "Mimi nanunua ng'ombe," akasema. "Sinunui kesi." Akarudishiwa hela zake hapo hapo, akaondoka na kijana wake na kopo lake.

Weee! Niliruka. Kweli niliruka, nikamkumbatia Bwana Mifugo, kitu ambacho si cha kumfanyia mzee wa watu hadharani, naye akanipigapiga mgongoni haraka haraka huku anaangalia pembeni. Fundi alikuwa anapiga makofi peke yake.

Mama hakuruka. Alikuwa ameshika kamba sasa, na hasira zimemjaa. "Nani kawaita hawa watu?"

Wale wanne, kwa mara ya kwanza siku hiyo, walikubaliana. Walinyoosha vidole kwangu.

"Shikamoo mama," nikasema.

Hakuitikia. "Ni wewe wa kwenye simu. Wewe ndiye umeniharibia biashara. Nina shida yangu mimi, unajua? Nataka kuuza hili takataka nipate dume la maana." Akachomoa simu kutoka kwenye pindo la kanga, kioo kimepasuka kama ramani, akatafuta kwa kidole gumba, akaninyooshea usoni. "Hili. Nataka ndama wa hili. Nikitoka hapa nilikuwa nakwenda huko huko kijijini kwao, nikambembeleze mwenyewe."

Nikatazama. Ilikuwa tovuti yetu. Dume namba tatu, halina kichwa, limenona, limesimama kwenye majani mabichi. Bora kuliko yote.

Nikachukua simu yangu, nikaitafuta ile picha nzima, kabla sijaikata, nikaiweka kando ya ile yake. Pembe. Sikio.

"Mama," nikasema, "hili bora kuliko yote ndilo hili ulilolishika kamba."

Akatazama simu. Akalitazama dume. Akatazama simu. "Acha utani wako."

"Muulize huyu wa namba tatu. Lilipigwa picha kwake, masika." Yule wa baiskeli akainama ghafla kuushughulikia mnyororo wake, na hakuinuka muda mrefu.

"Na lile dhaifu?"

"Ndilo hili pia. Kiangazi, lilipokuwa limerudi kwako. Yote saba ni hili, mama. Hakuna jingine. Ni hili tu limebaki, na ni lako."

Nilidhani atacheka. Mimi nilikuwa nimeshaandaa kicheko changu, kimefika kwenye meno. Lakini mama aliongea taratibu, hata hakuwa ananiangalia mimi.

"Nilikuwa nalinywesha la mwisho," akasema. "Wenzangu wanakwenda kisimani asubuhi, mimi nasubiri waondoke wote. Binti yangu alinisomea mlichoandika. Nikaona watu watasema, ndilo hilo, lile dhaifu la kwenye simu. Nimelionea aibu mwaka mzima. Marehemu mume wangu alikuwa akilipita analishika nundu kila asubuhi, mimi nikawa nalipiga fimbo."

Bwana Mifugo akainamisha kichwa, kofia mkononi. Maneno mawili yale niliyachapa huku natafuna mhogo, wala sikumbuki kama niligeuka kumtazama mzee alipoyatamka.

"Nisamehe mama. Ni mimi niliyeandika."

"Mimi hukuniandika," akasema. Akaelekeza kwa kidevu. "Mwombe huyo."

"Nani?"

"Huyo uliyemwita dhaifu."

Nikamtazama nione kama ananitania. Hakuwa anatania. Watu walikuwa wameshajaa, wachuuzi, wachunga ng'ombe, mama wa chai, wale wenye dume wanne. Nikasogea. Sijawahi kusimama karibu na ng'ombe hai kiasi kile, nilikuwa naisikia pumzi yake, ya moto, ina harufu ya majani.

"Samahani," nikamwambia.

"Sauti!" mama akasema.

"Samahani sana baba!" nikapaza. "Si dhaifu wewe! Nilikosea!"

Dume likanyoosha shingo, likaushika mtandio wangu kwa ulimi, likaanza kuutafuna. Nikapiga yowe. Mnada mzima ulianguka kwa kicheko, Fundi ameshikilia tumbo, Bwana Mifugo anafuta macho kwa kofia, na mama, yule mama aliyekaza uso tangu tumefika, akacheka mpaka akaegemea kwenye nundu, akabaki hapo amelala shavu juu yake, anacheka na machozi yanashuka. Nikauvuta mtandio, umelowa nusu. Mimi nilikuwa nacheka na kulia sawasawa na yeye.

Alipotulia akajifuta kwa ncha ya kanga. "Haya. Andika sasa."

"Niandike nini mama?"

"Futa hao sita. Andika ni moja."

Nikafungua tovuti kwenye simu. Wale wanne wakasogea kuona madume yao yanavyofutika, mmoja akaguna kidogo. Sita. Tano. Nne. Nilipofika moja nikamwonyesha.

"Bado," akasema. Aliwatazama wale wanne mmoja mmoja, mpaka wakainamisha macho, halafu akapaza sauti wasikie na wa kule kwenye malori. "Andika na mwenyewe ni nani."

Fundi, aliyenieleza asubuhi ile kwamba kitu hicho hakitajwi, aliacha kucheka akasimama wima. Nami nikaliandika jina la mama yule, lote, la kwake na la baba yake, yeye akinisimamia herufi kwa herufi na kamba ya dume ameizungusha mkononi.